Miaka Sita ya Bunduki, Miaka Ishirini na Minane ya Usukani

Ukiuliza watu wa zoni yetu hapa Nyarugusu juu ya babu yangu mzaa mama, wengi watakuambia alikuwa mzee wa kutengeneza baiskeli. Hawakosei. Lakini kabla ya baiskeli alikuwa shofere wa kamio, na kabla ya kamio za watu alikuwa askari wa jeshi la Kongo. Hiyo ya mwisho karibu hakuna aliyeijua hapa kambini. Ninaandika maisha yake kwa sababu yamepita katikati ya historia ya nchi yetu, na pia kwa sababu ya huko kunyamaza kwake.

Jina lake silitaji. Alikufa mwaka 2022, lakini watoto na wajukuu wake bado wana dosie zao. Yeye mwenyewe aliniruhusu. Aliniambia: "Muke yangu, nikisha kufa, utasema. Sasa unyamaze kwanza." Kwetu babu humwita mjukuu wa kike mke wake, ni utani wetu wa siku zote, kwa hiyo ndugu zetu wa mashirika wasishtuke.

Babu alizaliwa karibu 1942 upande wa Baraka, eneo la Fizi, Kivu ya Kusini, kando ya Ziwa Tanganyika. Wakati ule Wabelgiji walilazimisha watu kulima pamba. Familia ilipimiwa shamba, na asiyelima alitozwa faini au alifungwa. Pamba ikivunwa ilikuja kamio kuibeba. Babu alisema siku ya kwanza kuona kamio hakutazama mzigo wala Mzungu. Alitazama mtu mweusi aliyeshika usukani.

Mwaka 1957, akiwa na miaka kama 15, alikwenda Uvira akaanza kazi ya boyi-shofere kwa mfanyabiashara wa Kigiriki. Hapa Tanzania wanasema utingo. Alipakia, alishusha, alilala juu ya mzigo, na alibeba kigogo cha mti. Kamio ikisimama mlimani, boyi anaruka chini mbio na kuweka kigogo nyuma ya gurudumu kabla haijaanza kurudi. Boyi akichelewa, watu wanakufa.

Mlima wenyewe ni Ngomo. Wasomaji waliotoka Uvira na Bukavu wanaujua. Sisi tuliozaliwa hapa tunausikia tu. Barabara inaanza Uvira, kwenye ziwa, karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Inafuata bonde la Ruzizi mpaka Kamanyola, halafu inapanda mpaka Bukavu, karibu mita 1,500. Upande mmoja ni jiwe, upande mwingine ni shimo. Iko njia rahisi zaidi inayopitia Rwanda, lakini mpaka ukifungwa, kila kitu kinarudi Ngomo. Babu alijifunza kazi yote pale, na neno alilolirudia mpaka uzeeni ni kwamba gia utakayopandia ndiyo utateremkia. Anayeteremka na gia nyepesi ili awahi, breki zinashika moto na anawahi kaburini.

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Jeshi la wakati wa ukoloni, Force Publique, lilikuwa na askari zaidi ya 20,000, lakini hakuna ofisa hata mmoja aliyekuwa Mkongomani. Mkubwa wao, Jenerali Janssens, aliwaambia kwamba baada ya uhuru mambo yatakuwa yaleyale ya kabla ya uhuru. Tarehe 5 Julai, siku tano tu, askari wa Thysville wakaasi. Maofisa Wabelgiji wengi wakaondoka, jeshi likaitwa Armée Nationale Congolaise, yaani ANC, na waliokuwa masajini wakawa makanali. Mobutu alikuwa mmoja wao.

Jeshi hilo lilihitaji mashofere, na Babu akaingia mwaka 1962. Niliwahi kumuuliza kama aliingia kwa kuipenda nchi. Akacheka sana. "Nchi? Niliingia juu ya kamio. Ya Mugiriki ilikuwa ya zamani, ya jeshi ilikuwa mupya." Perimi yake ya kwanza ya kuendesha aliipewa na jeshi. Hilo tulikumbuke, litarudi mbele.

Miaka miwili baadaye ukaja ule moto wa 1964. Watu wa bonde la Ruzizi na wa Fizi walikuwa wamechoka. Uhuru waliahidiwa utaleta shule, mishahara na heshima, wakaona wakubwa wapya wamekaa katika viti vya wakubwa wa zamani. Gaston Soumialot aliandaa uasi akitokea Burundi. Katikati ya Mei 1964 Uvira ilianguka. Juni ikaanguka Albertville, leo Kalemie, na tarehe 5 Agosti ikaanguka Stanleyville, leo Kisangani. Wapiganaji walijiita Simba. Walinyunyiziwa dawa, na waliamini risasi za adui zitageuka maji wakiita jina la Mulele.

Wengi wa Simba wa upande wetu walikuwa Wabembe na Wafuliru. Babu, Mbembe wa Baraka, alikuwa ndani ya ANC. Mdogo wake, wa tumbo moja, alikuwa Simba.

Vijana nikiwaambia hivyo huuliza nani kati yao alikuwa na haki. Mimi nimeuliza swali jingine: walifikaje huko? Simba walipopita kijijini, mdogo wake alikuwa nyumbani, na kijana aliyekutwa nyumbani alikwenda nao. Babu alikuwa kwenye kambi ya jeshi Uvira, na aliyekuwa kambini alipewa amri. Tofauti yao ilikuwa mahali walipolala wiki ile. Siasa walijifunza baadaye, kila mmoja kwa wakubwa wake.

ANC ilipokimbia Uvira, Babu alipandisha majeruhi Ngomo usiku bila kuwasha taa, boyi akitembea mbele na kitambaa cheupe mgongoni ili aone njia. Huko Bukavu, Kanali Léonard Mulamba aliushika mji, na Simba walipoushambulia Agosti walishindwa kuuchukua.

Mwaka uliofuata vita vilirudi kwetu kabisa. Aprili 1965 Ernesto Che Guevara na Wakuba wenzake walivuka ziwa kutoka Kigoma, wakaungana na Simba milimani. Mwishoni mwa Septemba, ANC pamoja na mamluki wa Mike Hoare walishuka Baraka kutoka ziwani. Novemba Guevara akavuka tena kurudi Kigoma. Kwa ajili ya miezi hiyo michache vimeandikwa vitabu vingi. Babu hakumwona Guevara, wala Hoare. Alifika Baraka mwaka 1966 na kamio ya mapipa ya mafuta. Akaenda mpaka kwenye nyumba ya mama yake. Haikuwa na mlango, haikuwa na bati. Watu walikuwa wamekimbilia msituni na wengine ziwani. Mdogo wake hakuna aliyejua yuko wapi. Babu akashusha mapipa, akatia saini karatasi, akageuza kamio.

Mwaka 1967 mamluki wenyewe, wakiongozwa na Jean Schramme, waliigeukia serikali. Waliishika Bukavu kuanzia Agosti mpaka mwanzoni mwa Novemba, kisha wakavuka kwenda Rwanda. Watu ambao jana serikali iliwalipa kuwapiga Simba, leo ilituma askari kuwapiga wao. Babu alisema pale ndipo alichoka. Mwaka 1968 aliacha jeshi na karatasi moja, bila pensheni. Karatasi yenyewe ililiwa na mchwa.

Sasa ndiyo yanaanza yale maisha aliyoyapenda. Kutoka 1968 mpaka 1996 alikuwa shofere kati ya Fizi, Uvira na Bukavu. Kwenda juu alibeba samaki wakavu, mawese na unga wa muhogo kutoka Fizi, na sukari kutoka kiwanda cha Kiliba. Kurudi chini alibeba bia ya Bralima, maharagwe na vitambaa. Juu ya mzigo wakakaa abiria, na juu ya abiria wakakaa kuku. Alijua mama gani anauza wapi, nani amefiwa, daraja gani limekatika. Mtu wa Fizi akitaka kumpelekea mtoto wake wa shule pesa Bukavu, alimpa shofere mkononi. Posta ilikuwapo, lakini watu waliamini kamio.

Kila safari alipita Kamanyola. Kwa Mobutu, Kamanyola lilikuwa jina takatifu. Ilisemwa kwamba Juni 1964 yeye mwenyewe alisimama pale kwenye mapigano na kuyageuza, na kwa sababu hiyo divisheni ya jeshi ilipewa jina la Kamanyola, hata meli yake ya kifahari. Redio ilisifu, watoto wa shule waliimba. Babu akifika pale alisimamisha kamio apoze injini na kununua ndizi. Alikuwa na watu aliowapakia mahali hapo mwaka ule, wengine hawakufika Bukavu. Hakuwahi kusikia majina yao redioni.

Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zitapewa Wazaire. Nchi ilikuwa inaitwa Zaire tangu 27 Oktoba 1971. Shuleni jambo hili tulilisoma kwa mistari minne. Babu alilieleza hivi: Mgiriki alikuwa na kamio nne. Alipoondoka, zikapewa mkubwa mmoja wa chama ambaye hakujua mafuta ya breki ni kitu gani. Faida yote ilikwenda kwenye nyumba na sherehe, matairi hayakununuliwa. Ndani ya miaka miwili kamio tatu zilisimama, na ile ya nne ikaishi kwa kula vyuma vya zile tatu. Ya nne ndiyo aliyoendesha Babu. Mshahara ukawa unakuja ukipenda. Watu wakaanza kuishi kwa Artikle 15, ile sheria isiyoandikwa inayosema jitafutie mwenyewe. Mwishowe mkubwa akashindwa kabisa, akamwachia Babu kamio kulipa deni la mishahara. Ndivyo babu yangu alivyopata mali yake ya pekee duniani: gari la miaka mingi, lisilo na taa moja, lakini lake.

Oktoba 1996 vita vilifika Uvira, na mwishoni mwa mwezi mji ulikuwa mikononi mwa AFDL na jeshi la Rwanda. Msemaji na kisha kiongozi wa AFDL alikuwa Laurent-Désiré Kabila, yuleyule aliyekuwa na Simba huku kwetu mwaka 1965. Babu aliposikia sauti yake redioni alisema tu: "Yule kijana amerudi." Akajaza kamio watu, bila nauli, akashuka nao kufuata ziwa. Barabara ilipokataa kwa wingi wa watu na askari waliokuwa wanakimbia, aliegesha kando, akafunga mlango na ufunguo, akapanda mtumbwi. Ufunguo ule upo kwa mama yangu mpaka leo.

Kigoma waliwekwa kwenye lori la kuja Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka huohuo. Bibi anasema ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi Babu kupanda nyuma, pamoja na mizigo. Njia nzima alikuwa anasikiliza injini, na kila dereva akichelewa kubadilisha gia alipiga bodi na mkono: "Weka ya pili, weye! Ya pili!"

Na mdogo wake? Alikuwa hai. Simba waliposhindwa, watu wengi wa Fizi walivuka ziwa kuja Tanzania, naye alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo katika familia yetu mkimbizi wa kwanza alifika mwishoni mwa 1965 na wa pili mwishoni mwa 1996. Mmoja alishindwa na jeshi la serikali, mwingine alikimbia jeshi la serikali liliposhindwa. Wote walivuka maji yaleyale. Mdogo alikuwa analima michikichi katika kijiji kimoja cha Kigoma, ana wajukuu wanaoongea Kiha. Mwaka 1998 alipata habari, akaja na kidumu cha mawese.

Haya nimeyapata kwa Bibi, aliyekuwa anapika karibu. Anasema tangu asubuhi waliongea juu ya samaki, juu ya mama yao, juu ya bei ya mawese. Vita hawakuigusa. Jua likianza kuanguka, mdogo akauliza:

"Yaya, ulifika Baraka?"

"Nilifika kisha. Nyumba ya mama haikuwa na mulango."

"Mulango tulichoma siye. Tulikuwa na njaa, hakukuwa kuni kavu."

Babu akanyamaza kidogo. Kwa miaka 32 alikuwa anaamini jeshi lake ndilo liliiba ule mlango.

"Na bati?"

"Bati mulibeba nyinyi."

Bibi anasema walicheka mpaka akaacha chungu kuja kuangalia kuna nini, na aliwakuta wanalia.

Kwangu mimi hiyo ndiyo historia ya Fizi ya 1965. Ukimsikiliza askari peke yake, utapata nyumba isiyo na mlango. Ukimsikiliza Simba peke yake, utapata nyumba isiyo na bati. Mama yao alinyeshewa na mvua kwa sababu ya wote wawili.

Nirudi kwenye kunyamaza. Sheria inayowalinda wakimbizi inamlinda raia. Mtu anayepigana hawezi kuwa mkimbizi mpaka ameweka silaha chini kabisa. Sheria hiyo ni nzuri, inazuia kambi isiwe mahali pa vita. Babu aliweka bunduki chini mwaka 1968, miaka 28 kabla hajavuka. Lakini kwenye foleni ya maji watu huambiana kwamba ukisema ulikuwa askari, dosie imekufa. Kwa hiyo alipoulizwa kazi, alijibu mkulima. Hata ushofere aliuficha, kwa sababu angeulizwa perimi aliipata wapi. Hivyo mtu aliyeipanda Ngomo kwa miaka zaidi ya thelathini akabaki kwenye karatasi mkulima asiye na shamba.

Hasara ya kunyamaza huko ninaiona kazini. Ninafanya kazi na vijana hapa. Wapo ambao siku moja hawaji tena kwenye mpira, na baadaye tunasikia wamevuka ziwa kujiunga na makundi ya Mai-Mai. Hata jina hilo ni lile neno maji, dawa ileile waliyopewa kina babu wadogo mwaka 1964. Kijana wa miaka 17 aliyezaliwa hapa, asiyeweza kutoka bila kibali, anayekula mgao unaopungua, nani amemweleza vita ni nini? Amemweleza yule anayemwita. Wazee wanaojua harufu yake wanakaa mita hamsini kutoka kwake, wametengeneza baiskeli yake, na hawasemi neno.

Babu alivunja kimya mara moja tu mbele ya vijana, na hata hapo hakusema alikuwa upande gani. Mwaka 2019 kijana mmoja wa jirani alianza kuongea maneno ya kwenda kutetea nchi. Babu alikuwa anaziba tairi lake. Akamwambia: "Bunduki nilibeba miaka sita, usukani miaka makumi mbili na munane. Bunduki haikunijengea hata choo. Kamio ilisomesha mama ya huyu. Ukienda, uliza kwanza nani atalisha mama yako." Kijana yule yuko hapa, amejifunza kuchomelea vyuma. Sisemi ni kwa neno la Babu peke yake, mama yake pia alilia sana.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kwa ninyi mnaofanya kazi na sisi: mkimwona mzee kwenye orodha ya wasiojiweza, muulizeni alikuwa anafanya nini kabla, na mmweleze sheria kwa lugha anayoielewa, kwamba askari wa zamani aliyeacha silaha kweli ana haki ya kusikilizwa kwa maisha yake yote. Hofu nyingi zinaishi kwa sababu hakuna aliyezijibu.

Kwenu wenzangu vijana: wazee wa 1964 wamebaki wachache, na anayekumbuka vizuri ana miaka karibu 80. Kaa naye. Usianze na vita, hatajibu. Anza na kazi. Muulize barabara gani aliijua, alibeba nini, nani alimlipa na nani alimdhulumu. Vita vitakuja vyenyewe kwenye maongezi, kama vilivyokuja kwa wale ndugu wawili jua likianguka.

Kwenye kituo chetu tumeanza kufanya hivyo Jumamosi mchana. Nilipowasimulia habari za Babu, nilidhani wavulana watauliza juu ya bunduki. Wa kwanza kunyoosha mkono aliuliza kama kamio iliyosimama miaka yote hiyo inaweza kuwaka tena. Tulibishana mpaka saa ya kufunga: betri, diseli, mpira wa mabomba, panya. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa nyuma kimya wiki tatu akasimama, akasema aina ile ya injini yeye anaijua, alikuwa fundi wake Kalemie. Tukampisha mbele.